Kijana Anataka Kompyuta ya Gemu: Mama, Anza na Pawasaplai

SEHEMU YA 1: JIBU LANGU KWANZA

Wiki hii naweka pembeni chanjo na uji wa lishe, maana kuna swali limejaa kwenye ujumbe wangu tangu shule zifungwe: "Nesi, kijana anataka kompyuta ya gemu, ile ya kununua vifaa kimoja kimoja na kuviunga. Bei zinanitisha. Nimpe au nimkatalie?"

Nimegawa majibu sehemu 6 ili usome hata ukiwa unanyonyesha. Lakini msimamo wangu nautoa sasa hivi, usingoje mpaka mwisho.

Kama hela ipo na huikopi, mnunulie. Bajeti ndogo inawezekana. Ila hela yako ianze kwenye kifaa ambacho kijana hatakiomba na muuzaji hatakutajia, yaani pawasaplai. Ni lile boksi la chuma ndani ya kompyuta ambalo waya wa ukutani unaingia humo, linapokea umeme wa nyumbani na kuugawa kwa vifaa vingine vyote. Kwingine kote bana matumizi bila aibu. Nunua mtumba, nunua kwa awamu, kataa mataa. Hapo tu ndipo usibane.

Najua wapo watakaosema nesi na kompyuta wapi na wapi. Sawa, mimi si fundi. Lakini wodini kila siku nasoma lebo, nazidisha namba, naamua nini kianze na nini kisubiri. Wakija wagonjwa 10 kwa mpigo hatuanzi na anayepiga kelele zaidi. Tunaanza na anayeshindwa kupumua, na mara nyingi huyo amenyamaza kimya kabisa. Kwenye kompyuta ya gemu, kadi ya grafiki na mataa ndivyo vinavyopiga kelele. Pawasaplai imekaa kimya kwenye kona yake, na ikiwa mbovu inaweza kuua vifaa vyote ulivyonunua kwa jasho. Mbaya zaidi, inaweza kuwasha moto chumbani mwanao akiwa amevaa hedifoni, hasikii chochote.

SEHEMU YA 2: ULIZA GEMU GANI, HALAFU NDIYO UULIZE BEI

Mama zangu wengi mnaanza kwa kuuliza "kompyuta ya gemu ni shilingi ngapi?" Swali hilo ni kama kuniuliza dawa ni shilingi ngapi. Dawa ya nini? Mwambie kijana akuandikie gemu 5 anazotaka kucheza, kwa majina. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia bei.

Kama anataka mpira peke yake, yaani EA Sports FC au eFootball basi, na kazi za shule anafanyia kwenye simu au laptop iliyopo, usihangaike. Tafuta PlayStation 4 ya mtumba nzima, umemaliza. Mimi sioni sababu ya mzazi kuunga kompyuta kwa ajili ya mpira tu.

Kama ni Minecraft, Roblox, Valorant au Fortnite, hizo hazihitaji mashine kubwa. Na kama pamoja na gemu anataka kujifunza kuandika programu, kuhariri video, kuchora au kutengeneza muziki, hapo kompyuta inaipiku PlayStation kwa mbali. Leo ni gemu, mwakani ni mafunzo ya chuo, na kifaa ni kilekile. Siku ukipata hela kidogo unaongeza RAM, au unabadilisha kadi. Huitupi yote.

Angalia na umri jamani. GTA V imewekewa alama ya miaka 18 kule Ulaya, Minecraft ya 7. Alama hizo zimeandikwa kwenye boksi au kwenye ukurasa wa gemu lenyewe. Mtoto wa miaka 11 akikuletea orodha yenye GTA juu kabisa, bajeti haijafikiwa, kuna mazungumzo mengine ya kuanza nayo.

Sasa tuione orodha ya kweli. Kijana wa dada yangu yuko kidato cha 5 na anaishi kwangu. Aliniletea ukurasa mzima alioutoa YouTube. Juu kabisa kaandika keisi ya kioo yenye feni 6 za mataa. Ya pili, mtambo wa kupooza prosesa kwa maji. Ya tatu kadi ya grafiki. Ikateremka hivyo hivyo mpaka mstari wa mwisho kabisa: "pawasaplai: yoyote."

Yoyote! Kifaa pekee kwenye orodha nzima kinachoshikana moja kwa moja na umeme wa TANESCO wa volti 230, kimeandikwa "yoyote". Simlaumu, wote wanaandika hivyo, maana hakuna video ya dakika 10 inayopata watazamaji kwa kusifia boksi jeusi. Nilimrudishia ukurasa nikamwambia: mbele ya kila kifaa andika kinafanya kazi gani, na kikikosekana nini kitatokea. Alitumia siku 2. Alipomaliza, mataa aliyakata mwenyewe kwa mkono wake, na mtambo wa maji ukafuata. Mwanao naye mpe zoezi hilo kabla hujatoa hata mia.

SEHEMU YA 3: MAFUNGU 10 YA HELA

Bei za madukani zinabadilika kila mwezi, kwa hiyo sitawatajia shilingi nikawapotosha. Nitawapa mgawanyo. Chukua hela yote ya kompyuta, bila monita, uigawe mafungu 10.

Mafungu 3 na nusu: kadi ya grafiki. Ndiyo inayochora picha za gemu, na ndiyo kazi kubwa.
Mafungu 2 na nusu: prosesa na mazabodi.
Mafungu 2 na nusu: RAM na SSD.
Fungu 1 kamili: pawasaplai.
Nusu fungu: keisi na feni.

Huo ni mgawanyo wangu, fundi wako anaweza kuusogeza huku na kule. Ninachokataa ni lile fungu la pawasaplai kuguswa ili keisi ipate mataa.

Twende kimoja kimoja, haraka haraka.

Kadi ya grafiki. Kwa monita ya kawaida ya 1080p, kadi kama Radeon RX 6600 yenye GB 8, iliyotoka 2021, bado inatosha kabisa. Inakula umeme mdogo, wati 132 hivi. Ukishuka chini zaidi kuna GTX 1650 ya 2019 yenye GB 4. Hiyo inacheza Valorant na Fortnite vizuri tu, ila gemu kubwa za sasa itazichezea kwa picha zilizopunguzwa. Usikubali kuambiwa kwamba bila kadi mpya kabisa ya mwaka huu mtoto hachezi. Atacheza.

Prosesa. Intel Core i3-12100F na AMD Ryzen 5 5600, zote za 2022, ni prosesa za watu wa bajeti. Hapa kuna mtego: herufi F kwenye Intel maana yake prosesa haina uwezo wa kutoa picha yenyewe, na Ryzen 5 5600 nayo hivyohivyo. Ukinunua hizo bila kadi ya grafiki, kompyuta itawaka na kioo kitabaki cheusi. Kama hela haitoshi kununua vyote mara moja, chukua Ryzen 5 5600G, angalia hiyo G mwishoni. Inatoa picha yenyewe na inacheza gemu nyepesi. Kadi mtanunua baadaye, mchezo au mavuno yakilipa.

Mazabodi. Lazima iendane na prosesa na RAM. RAM ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, na ya DDR5 haiingii kwenye DDR4, hata ukilazimisha. Kwa bajeti ndogo kaa kwenye DDR4.

RAM. GB 16, na ziwe vipande 2 vya GB 8. Vipande viwili vinafanya kazi pamoja haraka kuliko kimoja cha 16, hasa kwa ile prosesa yenye G. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vinapeleka memori nyingi kwenye mashine za akili bandia. Ndiyo maana fungu hili nimelinenepesha. Likikushinda anza na GB 8 moja, nyingine iongeze baadaye.

SSD. Ya GB 500 ni ya kuanzia, ikiwezekana TB 1. GTA V peke yake inakula zaidi ya GB 100. Diski ya zamani ya kuzunguka iweke kwa ajili ya picha za harusi na video za watoto, gemu na Windows vikae kwenye SSD.

Monita. Kama sebuleni kuna TV yenye tundu la HDMI, anza nayo. Kuna faida nyingine hapo: akichezea sebuleni unaona anachocheza na anaongea na nani.

Keisi. Chagua yenye matundu mbele ili hewa ipite. Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa, keisi iliyozibwa kioo mbele ni kama kumfunika blanketi mtoto mwenye homa. Feni 2 za kawaida zinatosha, moja ivute hewa mbele, moja itoe nyuma.

SEHEMU YA 4: SOMA LEBO KAMA UNAVYOSOMA CHUPA YA DAWA

Hii ndiyo sehemu niliyoitaka. Kama utasoma moja tu kati ya 6, soma hii.

Kwenye boksi la pawasaplai wanaandika namba kubwa: 500W, 600W, 750W. Wati ni kiasi cha umeme inachoweza kutoa. Namba hiyo ya mbele inaweza kuwa ya kweli, na inaweza kuwa mapambo tu. Ukweli unaupata kwenye lebo ya ubavuni, kwenye jedwali dogo lenye safu za +3.3V, +5V, +12V.

Tafuta +12V. Kompyuta ya kisasa inachota karibu umeme wake wote hapo, kadi na prosesa zote. Chini ya +12V pameandikwa namba yenye herufi A, yaani ampea. Sasa zidisha kwa 12. Basi, hesabu imeisha.

Mfano. Boksi limeandikwa 500W kwa maandishi mekundu makubwa. Ubavuni kwenye +12V pameandikwa 18A. Chukua 18 zidisha kwa 12, unapata wati 216. Hiyo 500 imetoka wapi? Haijulikani.

Linganisha na mahitaji. Kadi ya RX 6600 inataka wati 132. Prosesa ya i3-12100F ikibanwa sana inafika wati 89. Jumla 221. Hapo hujahesabu mazabodi, SSD na feni, weka kama wati 50 nyingine. Unafika karibu 270. Pawasaplai ya 216 hiyo utakuwa unamwambia mtu wa kilo 50 abebe gunia la mahindi apande nalo mlima, kila jioni, saa 3 mfululizo. Siku ya kwanza ataweza. Hata wiki ya kwanza. Ndiyo maana dukani inawaka vizuri, unalipa, unaondoka unafurahi.

Pawasaplai ya kweli ya wati 450, kwenye +12V utakuta ampea 35 au zaidi. 35 mara 12 ni 420. Hapo unaona namba ya mbele na ya ubavuni zinakaribiana. Kwa kompyuta tunayoizungumzia hapa, ya kweli ya 450 mpaka 550 inatosha, na inabakiza nafasi ukitaka kuongeza kadi kidogo baadaye. Ukikuta safu mbili, +12V1 na +12V2, usizijumlishe kichwakichwa. Tafuta mstari wa chini unaotaja wati za 12V zote kwa pamoja.

Mambo mengine ya kuangalia hapohapo kaunta:

Uzito. Ishike mkononi, halafu shika nyingine nzuri. Pawasaplai nyepesi kama boksi la viatu mara nyingi ndani vitu vimepunguzwa.

Maneno 80 PLUS. Ni kipimo cha ufanisi, yaani inapoteza umeme kiasi gani kwa kuugeuza joto. Ni dalili nzuri, lakini haipimi usalama, na stika inaweza kubandikwa na mtu yeyote. Lebo ya ampea na jina la mtengenezaji viangaliwe pamoja nayo.

Dhamana. Watengenezaji wanaojiamini wanaandika miaka 3, 5, mpaka 10. Muulize muuzaji, ikiungua narudisha wapi? Aandike kwenye risiti.

Swichi nyekundu nyuma. Baadhi zina swichi ya 115 na 230. Huku kwetu ni 230. Zile zilizotoka nchi za umeme mdogo, Marekani kwa mfano, zinaweza kuja zimewekwa 115. Ukichomeka hivyo utasikia mlio, utaona moshi, na hela imekwenda.

Siku tulipokwenda kununua, muuzaji mmoja aliniona napiga picha lebo ya ubavuni kwa simu. Akacheka, akasema, "Mama, kompyuta zote zinatumia hii hii, hamna shida." Nikamwomba anizidishie yeye mwenyewe, ampea mara 12. Alinyamaza, akaingia ndani, akatoka na nyingine nzito, ya bei karibu mara mbili. Maana yake alikuwa nayo muda wote, na anaijua tofauti. Mteja anayeuliza ndiye anayeletewa ya ndani. Kwa hiyo uliza, mama. Huhitaji kujua kompyuta, unahitaji kujua kuzidisha kwa 12, na simu yako ina kikokotoo.

Nasikia mtu anasema: "Nesi, tofauti hiyo ya bei ni ada ya tuisheni ya mwezi." Naielewa hoja hiyo, na mimi naishi kwa mshahara. Lakini ukiokoa hapo, unaweka rehani kadi, prosesa, mazabodi na RAM, mafungu mengine yote 9. Pawasaplai nzuri ina ulinzi ndani, umeme ukipanda au waya ukigusana inajizima yenyewe. Duni inaweza kufa na wenzake. Kama hela kweli haitoshi, punguza kadi. Kadi ndogo itakupa picha zisizo kali sana, na hakuna mtu aliyelazwa kwa sababu ya picha zisizo kali.

SEHEMU YA 5: MTUMBA NDIYO, ILA KWA MACHO

Sina tatizo na mtumba. Nusu ya vitu vya nyumbani kwangu ni mtumba. Prosesa iliyotumika, RAM iliyotumika, keisi iliyotumika, chukua. Mazabodi na kadi, chukua baada ya kuvijaribu. Pawasaplai ya mtumba isiyojulikana ilikotoka, acha hapohapo.

Kwa kadi ya grafiki, usinunue kwa kuona picha mtandaoni. Iwashwe mbele yako, ichezeshwe gemu nusu saa nzima. Angalia feni zinazunguka zote, sikiliza kama kuna mkwaruzo, angalia kama kioo kinatoa madoa au mistari. Kuna kadi feki pia: kadi ya zamani, kama ile GTS 450 ya 2010, inabadilishwa programu yake ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z inazigundua nyingi na kuziandika FAKE. Mwambie kijana aje nayo kwenye flashi.

Njia ya bei ya chini kabisa ninayoipenda ni kompyuta za ofisi zilizotumika: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Kariakoo zimejaa. Unapata prosesa, mazabodi, RAM na pawasaplai ndani ya boksi moja, unaongeza kadi ndogo. Na kwa bei za RAM za sasa, kuipata RAM ikiwa ndani tayari ni ahueni kubwa.

Zingatia mambo matatu.

La kwanza, kizazi cha prosesa. Chukua Intel ya kizazi cha 8 kupanda, kama i5-8500 yenye koa 6. Vizazi vya nyuma, vya 6 na 7, karibu vyote havikubaliwi rasmi na Windows 11, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana zinauzwa bei ya kutupa.

La pili, ukubwa. Zile nyembamba zinaingiza kadi fupi tu. Pima kwanza.

La tatu, tunarudi palepale. Pawasaplai za mashine hizi ni za mtengenezaji mwenyewe na kwa kawaida ni nzuri, lakini ni ndogo, nyingi hazifiki wati 300, na viunganishi vyake mara nyingi si vya kawaida, hubadilishi kirahisi. Kwa hiyo usitafute kadi kubwa. Nafasi ya kadi kwenye mazabodi inatoa wati 75 tu, hivyo chukua kadi inayotosheka na hizo bila waya wa ziada. Zipo GTX 1650 za namna hiyo. Fundi akikuambia "tutaunga waya kutoka kule tuupeleke huku", mshukuru, mchukue mwanao, nendeni nyumbani.

SEHEMU YA 6: IKISHAFIKA NYUMBANI

Hapa navaa sare yangu kabisa.

Ethi. Plagi ya miguu mitatu iingie kwenye soketi ya miguu mitatu iliyounganishwa na waya wa ethi ardhini. Mkigusa keisi ya chuma mkahisi kutekenywa, zimeni, iteni fundi umeme. Msiizoee hali hiyo. Umeme kwa nje unaweza kuacha kidonda kidogo kama cha sigara huku ndani umeunguza njia nzima ulikopita. Mtu akinaswa, zima umeme kwanza, usimshike. Moto ukianzia kwenye kompyuta, zima swichi kuu, usimwage maji. Aliyeungua, pooza kwa maji safi yanayotiririka dakika 20. Hakuna dawa ya meno, hakuna yai. Halafu hospitali.

Ekstensheni. Usichomeke kompyuta, pasi na birika kwenye ekstensheni moja. Ongeza stabilaiza nzuri kama mtaani kwenu umeme unapanda na kushuka.

Pawasaplai haifunguliwi nyumbani. Hata ikichomolewa, ndani kuna kapasita zinazobakiza umeme. Vumbi lipulizwe kwa nje.

Betri ya sarafu. Mama mwenye mtoto mdogo, simama hapa. Kwenye mazabodi kuna betri ya mviringo inayong'aa, CR2032, upana milimita 20. Kwenye kompyuta za mtumba mafundi huibadilisha, na ile ya zamani inabaki mezani au inaanguka chini ya kochi. Mtoto wa mwaka mmoja akiimeza ikakwama kooni, inaanza kuunguza njia ya chakula, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2, hata kama betri imekwisha nguvu. Mara nyingi hakuna aliyeona akimeza. Anadenda, anakataa kula, anakohoa. Ukihisi tu, kimbia hospitali yenye eksirei, usimtapishe, na taja neno "betri", kwa sababu kwenye eksirei inafanana na sarafu. Siku ya kuunga kompyuta, mtoto mdogo apelekwe kwa jirani. Betri ya zamani izungushiwe gundi ya karatasi pande zote, ipelekwe mbali.

Luku. Kompyuta na monita zikila wati 300, saa 3 kwa siku ni uniti 0.9. Kwa mwezi ni uniti 27. Kama mko kwenye lile kundi la nafuu la uniti 75 kwa mwezi, 27 hizo zinaweza kuwatoa. Mwambieni kijana mapema, ajue kila saa ya gemu ina bei yake.

Usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 mpaka 10. Wa miaka 6 hadi 12, saa 9 mpaka 12. Kompyuta ikae sebuleni, na ikizimwa saa 3 usiku, imezimwa. Kwangu mimi hili limeandikwa kabla ya vifaa kununuliwa, siyo baada ya ugomvi.

Mwisho. Nimesikia wazazi wanaosema gemu ni upuuzi, na wengine wanaonunua mashine inayometameta ili mtoto anyamaze. Mimi nasema kaeni mezani pamoja na ile orodha. Kijana anayejua kwa nini kila kifaa kimenunuliwa, na kipi kimekatwa, ameshajifunza bajeti kabla hajacheza gemu hata moja.

Na wewe ambaye kompyuta iko nyumbani tayari: leo jioni izime, ichomoe, mwombe fundi au kijana afungue ubavu wa keisi, lakini pawasaplai yenyewe isiguswe. Piga picha lebo yake. Niandikie ampea za +12V na jina la kadi yako. Tutazidisha pamoja.